Unauguza mzazi na bado hujafika 30? Kuna pa kuanzia hapa Nairobi

Kama wewe ndiye unayejua kwamba tembe ya asubuhi ni ile ya njano na ya usiku ni ile nyeupe ya kukatwa katikati, hii makala ni yako. Kama umewahi kushuka stegi ya Kangemi na pakiti ya daipa za watu wazima umeisukuma ndani ya begi la laptopu ili mabeste wa ploti wasiulize maswali, pia ni yako. Na kama unasoma hii saa nane usiku kwa sababu shosho ameamka tena anataka kurudishwa "nyumbani", na hapo alipo ndipo nyumbani, basi keti kwanza tuongee.

Sisi hatuna jina. Ukisema wewe ni boda, fundi, mama mboga, watu wanaelewa. Ukisema unauguza mtu, wanauliza, "Sawa, lakini unafanya kazi gani?" Mathe alipigwa na kiharusi nikiwa mwaka wa pili chuoni. Ada na fizio hazingetoka mfuko mmoja, kwa hivyo nikarudi nyumbani. Siku hizi nikiulizwa, nasema ninaandika blogu, ambayo ni kweli, lakini saa nyingi za siku yangu ziko kwa uji, bafu, mazoezi ya mkono wa kulia na foleni za kliniki.

Hii kazi haigawanywi kwa haki pia. Utafiti wa matumizi ya muda wa Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake Kenya wanatumia takriban mara 5 ya muda ambao wanaume wanatumia kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo. Ukiangalia familia unazojua utaona mtindo: mzigo unaenda kwa msichana, au kwa kitinda mimba, au kwa yule "ambaye bado hajapata kitu". Kijana wa kiume akiuguza, huyo ndiye hata hana wa kumwambia. Nimekutana na mmoja Uthiru anayemwosha babake kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda cha simu. Mabeste wake wote wanadhani huchelewa kwa sababu ya usingizi.

Sasa, shida ya kwanza si pesa. Najua utabisha, lakini nisikilize. Shida ya kwanza ni kwamba hakuna anayekufundisha. Hospitali moja hapa mjini ilituruhusu na karatasi ya dawa, tarehe ya kliniki na bili. Hakuna aliyenionyesha jinsi ya kumgeuza mtu aliyelala bila kumvuta bega lililopooza. Hakuna aliyesema kwamba asiyeweza kujigeuza anafaa kugeuzwa kila baada ya takriban saa 2, la sivyo mgongo na makalio yataota vidonda. Aliyenionyesha ni jirani, mama wa makamo anayeuza nguo za mitumba, kwa shuka moja iliyokunjwa katikati na dakika kumi za subira.

Nilipomuuliza alijulia wapi, akacheka. "Wakati wa ukimwi tulizika na tukauguza. Unadhani nani alikuwa akituuguzia?"

Hilo jibu lilinifungua macho. Hii mitaa yetu ya upande wa magharibi, Kangemi, Kawangware, Riruta, iliwahi kuwa shule ya kuuguza. Miaka ya 1990, kabla dawa za kupunguza makali hazijafika kwa mwananchi wa kawaida, wagonjwa walirudishwa nyumbani na watu wakajifunza wenyewe. Mwaka 1993 Asunta Wagura na wenzake wakaanzisha KENWA, mtandao wa wanawake wanaoishi na virusi, wakati ambapo kusema tu hali yako kulikuwa hatari. Mwishoni mwa muongo huo, Nyumbani, wale wa makao ya watoto kule Karen, wakaanzisha mpango wa Lea Toto, wenye vituo Kangemi na Kawangware miongoni mwa mitaa mingine. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtoto mwenye virusi abaki kwao, na anayemlea, mara nyingi shosho, ndiye asaidiwe na kufundishwa. Kwa hivyo usidhani kwamba kundi la kusaidia wanaouguza ni kitu cha kizungu cha kukaa kwa viti vya duara na kulia. Ni kitu cha hapa. Waanzilishi wake wengine bado wanaishi ploti ya pili kutoka kwako, na hujawahi kuwauliza.

Kwa hivyo kabla hujaingia Google, anza na mguu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wale tunaowaita CHP, wenye fulana na begi la vifaa. Kila mmoja ana nyumba zake anazopaswa kuzizungukia. Huyo mtu ana kitu ambacho daktari hana: anajua ni nyumba gani nyingine kwenye laini yenu kuna mgonjwa wa kitandani na ni nani anayemshughulikia. Ukiwa humjui wako, nenda kituo cha afya kilicho karibu, iwe Kangemi, Riruta, Waithaka au Westlands, na usiulize daktari. Uliza ofisi ya afya ya jamii. Sema hivi tu: "Nauguza mtu nyumbani, nataka CHP wa upande wetu, na nataka kujua kama kuna kundi." Ukisema "naomba msaada" utaambiwa ungoje kwa benchi.

Baada ya hapo, fuata ugonjwa. Hii ndiyo siri ambayo ingeniokolea miezi. Makundi mengi Nairobi hayajajipanga kwa jina la wanaouguza. Yamejipanga kwa jina la ugonjwa, na wewe unaingia kupitia mlango wa mgonjwa wako.

Kama ni saratani, una bahati mbaya lakini una milango miwili mizuri. Wa kwanza ni Nairobi Hospice, karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ilianzishwa 1990 na ndiyo ya kwanza nchini. Neno "hospice" linaogopesha watu, familia zinadhani ukienda huko umesaini kifo. Acha hiyo. Kazi yao kubwa ni kupunguza maumivu na kuongea na familia nzima, na watu wengi wanaenda asubuhi na kurudi kwao jioni. Wana pia ushauri kwa waliofiwa, maana siku ya mazishi watu wanajaa, na wiki mbili baadaye simu haiiti. Ukishauriwa kwamba dawa za maumivu za kawaida hazitoshi, hawa ndio watu wa kuwauliza kuhusu mofini, na wala usikubali shangazi yeyote akuambie kwamba mofini ni ya kumlevya mgonjwa. Kama mgonjwa wako anarudishwa ocha, muungano wao wa kitaifa, KEHPCA, unaweza kukuelekeza kwa huduma iliyo karibu na huko, kwa sababu siku hizi hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha aina hiyo.

Mlango wa pili ni Faraja Cancer Support Trust, upande wa Parklands. Shaira Adamali, ambaye mwenyewe alipitia saratani ya matiti, aliianzisha 2010. Kilichonipendeza hapo ni kwamba huduma zao, ushauri nasaha, masaji, yoga na nyinginezo, ni za bure, na si za mgonjwa peke yake. Anayeuguza pia anahesabiwa. Najua yoga inasikika kama mambo ya Lavington. Lakini mgongo ambao umeinua mtu mzima kutoka kitandani hadi kwa kiti mara nne kwa siku hauulizi mtaa.

Kama ni kusahau, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumizana bila kujua. Shosho anaficha pesa kisha anasema umemwibia. Guka anakutukana mbele ya wageni, yeye ambaye hajawahi kutukana mtu. Anatoka nje saa tisa usiku. Majirani wanaanza kunong'ona, na minong'ono Kenya inaweza kuua: Oktoba 2021 wanawake 4 wazee waliuawa Marani, kaunti ya Kisii, wakidaiwa kuwa wachawi, na tangu wakati huo wanaharakati wamekuwa wakisema wazi kwamba dalili za dementia zinasomwa vibaya kama uchawi. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, ADOK, lilianzishwa 2016 na Elizabeth Mutunga, mwanasaikolojia ambaye safari yake ilianza na babake mwenyewe aliyeugua. Wana mikutano ya wanaouguza, na wanafundisha vitu ambavyo vinasikika vidogo mpaka uvijaribu. Kwa mfano, usibishane. Akisema anamngoja mamake aliyekufa 1974, usimpe habari ya msiba upya kila jioni. Muulize mamake alikuwa akipika nini. Utashangaa jinsi usiku unavyotulia.

Kama ni mtoto, na najua wako mnaolea wadogo zenu kwa sababu mathe yuko kazini Gulf, wazazi wa watoto wenye usonji walijiunga 2003 wakaunda Autism Society of Kenya, na City Primary pale Ngara kuna kitengo cha watoto hao. Hata kama mtoto hatasomea hapo, wazazi unaowakuta langoni saa ya kuchukua watoto wanajua zaidi ya tovuti yoyote: fizio gani ana roho, shule gani inasema "tunapokea wote" halafu inapiga simu saa nne kwamba umchukue.

Magonjwa ya akili ndiyo yenye aibu kubwa zaidi na ndiyo yenye watu wanaojificha zaidi. Kuna Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, USPK, shirika la watu wenyewe waliopitia hayo, na lina makundi ya wenzao. Nenda na ndugu yako kama atakubali. Akikataa, waulize familia zingine zinafanyaje.

Haya, pesa sasa. Sikukuwa nimezisahau.

Ofisi kuu za Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ziko Waiyaki Way, Westlands, matatu za 23 zinapita hapo. Watu wanadhani ulemavu ni wa kuzaliwa tu. Mzazi aliyebaki amepooza upande mmoja baada ya kiharusi anaweza kusajiliwa pia. Kwanza anafanyiwa tathmini na madaktari katika hospitali ya umma inayoruhusiwa, ndipo usajili unafuata. Kadi hiyo ndiyo inafungua mlango wa kuomba kiti cha magurudumu au kifaa kingine, na kama mzazi bado ana mapato, anaweza kuomba asitozwe kodi kwa Sh150,000 za kwanza kila mwezi. Hiyo ya kodi ni yake, si yako, usije ukaipangia. Kwenye barabara hiyo hiyo ya Waiyaki kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa 1958, ambacho kinahusika na viti, viungo bandia na fizio. Usinunue kiti cha mtandaoni kabla ya mtu kumpima mgonjwa wako. Kiti kikubwa kupita kiasi kinampinda mtu mgongo, na hakiingii mlango wa bedsita.

Halafu kuna Inua Jamii: Sh2,000 kwa mwezi kwa mzee wa miaka 70 na zaidi, na kuna sehemu ya watu wenye ulemavu mkali, ambapo pesa zinapitia kwa anayemtunza. Usajili hufunguliwa kwa vipindi, na unapitia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Ukikaa Kangemi, yako ni Westlands. Kawangware ni Dagoretti Kaskazini. Waithaka na Mutuini ni Dagoretti Kusini. Nimeona watu wakizungushwa wiki nzima kwa kwenda ofisi isiyo yao. Sh2,000 haitalipia mtu wa kukushikia, na hufika ikichelewa, lakini inanunua daipa, na daipa ni heshima.

Bima nitaipita haraka. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, unajisajili kwa *147#, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato na hauendi chini ya Sh300 kwa mwezi. Hakikisha mgonjwa amesajiliwa na michango yake imelipwa kabla hajalazwa, si mkiwa mlangoni. Na wewe pia jisajili. Wanaouguza ndio watu wa mwisho kujikumbuka.

Ukiwa umeajiriwa, jua ulipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za likizo ya mwaka, lakini likizo ya ugonjwa ni ya ugonjwa wako, si wa mamako. Wakati huohuo Katiba, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kutunzwa na familia zao na serikali. Familia nimeiona. Kwa hivyo siku hizo 21 zipige hesabu kulingana na kadi ya kliniki, usizimalize Desemba kwa harusi za watu.

Nirudi kwa makundi, kwa sababu si kila kundi ni la kukaa. Ukiongezwa kwenye grupu ya WhatsApp ya watu 300 ambapo asubuhi ni maombi, mchana ni matangazo ya miti shamba na jioni ni paybill ya mtu asiyejulikana, toka polepole. Kundi zuri nalijua kwa vitu vichache: watu wanajua jina la mgonjwa wako, kuna mtu mwenye ujuzi anayekuja mara moja moja, kama nesi au mshauri, na ukikosa mikutano miwili mtu anapiga simu. Anayekuambia uache dawa za hospitali ujaribu mizizi yake, huyo ana biashara. Na uliza mapema kama unaweza kuja na mgonjwa. Makundi mengi yanakutana Jumamosi mchana, na ukikosa wa kumwachia, utaendaje?

Ukikosa kabisa, tengeneza. Yetu ilianza tukiwa watatu, mimi, yule kijana wa Uthiru na dada mmoja anayemlea kakake Kawangware, kwa meza ya hoteli ya chai. Hatukuanza na hisia, tulianza na zamu. Jumamosi moja mimi nakaa na babake wakati yeye anaenda kunyolewa na kuona mechi. Jumamosi nyingine yeye anakaa na mathe. Kumwachia mtu mzazi wako kunahitaji imani, kwa hivyo kila mmoja aliandika karatasi ya ukurasa mmoja: dawa na saa zake, anakula nini, anaogopa nini, nani apigiwe kwanza. Babake anaogopa mlango ukifungwa. Mathe hataki kulishwa na kijiko kikubwa. Sasa tuko saba. Tukifika 10 tunaweza kujisajili rasmi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya usajili wa makundi ya jamii ya 2022. Tukishasajiliwa, tutakuwa na cheti cha kuonyesha popote tunapoomba ukumbi au mfuko wa serikali.

Kuhusu ndugu zako walio mbali, wale wa "nitumie picha ya mathe": usiwaombe wasaidie, hilo neno halina bei. Watumie ratiba ya wiki na gharama zake, kisha waulize wanachukua laini gani. Kaka yangu mkubwa alikuwa akituma akikumbuka. Nilipomtumia ratiba, alinyamaza siku mbili, halafu akachukua fizio na daipa, kila mwezi.

Na kama usiku huu umefika mahali unaogopa mawazo yako mwenyewe, piga 1199, laini ya Red Cross, haitozwi. Befrienders Kenya pia wapo kwa ajili ya hilo. Amani Counselling Centre kule Mbagathi Way wamekuwa wakifanya kazi ya ushauri tangu 1979. Si lazima uwe na hadithi iliyopangika. Mara yangu ya kwanza nilisema tu "nimechoka", nikanyamaza muda mrefu, na aliyekuwa upande ule mwingine hakukata simu.